Transfoma ya Kamachumu

Barua ya shirika la umeme ilimfikia Mkaguzi Joviana Kyaruzi Jumatatu saa mbili na nusu asubuhi, siku moja kabla ya Fundi Najibu kupandishwa kizimbani kwa kumuua mwenzake. Ilikuwa na mistari sita tu. Joviana aliisoma akiwa amesimama, akaketi akaisoma tena, kisha akaikunja na kwenda nayo mahabusu.

Mpaka asubuhi hiyo kila mtu kituoni Bukoba aliiona kesi ile nyepesi. Alhamisi iliyopita, saa kumi na robo alasiri, Mhandisi Haidari Burhani alikufa kwa umeme akiwa juu ya jukwaa la transfoma kule Kamachumu, wilaya ya Muleba. Transfoma yenyewe ilikuwa ya kwanza ya kampuni iitwayo Rweya Umeme. Kwa miaka miwili kampuni hiyo ilikuwa imewauzia hisa wakulima wa kahawa, walimu, wajane, watu wa misikitini na wa sharika za Kilutheri, kwa ahadi moja: badala ya kungoja mitambo kutoka mbali, watu wa Kagera watasuka transfoma zao wenyewe, hapa hapa, na faida haitavuka mpaka wa mkoa. Ijumaa wanahisa walitakiwa kwenda kushuhudia taa za ukumbi wa Kamachumu zikiwashwa kwa mtambo wao. Ijumaa hiyo wakaenda kumzika Haidari.

Kwenye jukwaa walikuwa watu wawili tu, Haidari juu na Najibu chini. Waliofika mbio baada ya mlio walimkuta Najibu ameshika fimbo ndefu ya kufungia na kufungulia fyuzi za laini kubwa. Tena, siku moja kabla, wawili hao walisikika wakifokeana. Nani alihitaji zaidi ya hapo?

Najibu alitolewa, macho mekundu, shati lile lile la Alhamisi. Alikuwa mkazi wa mtaa wa Kashai, fundi mwenye uzoefu wa miaka tisa.

"Kaa," Joviana alimwambia. "Nieleze habari ya fimbo."

"Afande, nimeshaeleza mara nne."

"Mimi nataka ya tano."

Najibu akashusha pumzi. "Pale juu kuna fyuzi tatu. Ukizisukuma, umeme wa laini kubwa unaingia kwenye transfoma. Ukizivuta, zinaning'inia, na hata mpita njia anaona zimefunguliwa. Nilizivuta zote. Haidari akapanda, akapima, hakuna kitu. Akaanza kulegeza nati."

"Kuna wanaosema walikuona unazisukuma juu."

"Waliniona na fimbo. Nilikuwa namchomoa nayo Haidari pale aliponasa."

Joviana alikunjua barua. "Shirika linasema Alhamisi laini nzima ya Kamachumu ilizimwa tangu saa nane mchana mpaka saa kumi na mbili jioni. Walikuwa wanakata miti inayogusa nyaya. Ulijua?"

"Tulijua. Ndiyo maana Haidari alichagua saa ile."

"Mbona hukusema?"

"Nilisema. Aliyeniandika maelezo akaniambia nijibu ninachoulizwa."

Joviana aligeuka. Mlangoni alikuwa Koplo Riyadhi, mtu mzima aliyebakiza mwaka mmoja kustaafu, na ndiye aliyeandika maelezo yale. Riyadhi aliangalia sakafu.

"Kama laini ilikuwa imezimwa," alisema Joviana, "hata ungezisukuma hizo fyuzi mara kumi, zisingeua kuku. Umeme ulitoka wapi?"

"Ndilo ninalojiuliza tangu Alhamisi."

"Kwa juu haukuja. Unaweza kuja kwa chini?"

Najibu alifungua mdomo ajibu haraka, akaufunga. Vidole vyake vikaanza kuchora kitu mezani.

"Transfoma haijui mbele wala nyuma," alisema hatimaye. "Ukiitia umeme mkubwa juu, inakupa mdogo chini. Ukiitia mdogo chini, inakupa mkubwa juu. Zile volti mia nne za chini, kule juu zinatoka elfu thelathini na tatu. Lakini chini hakukuwa na kitu, Afande. Kebo moja tu, ya kwenda ukumbini."

"Uliifuata mpaka mwisho?"

"Hapana."

"Na ule ugomvi wa Jumatano?"

Hapo Najibu alilainika sauti. Jumatano waliijaribu transfoma. Iliunguruma vibaya, taa zikafifia, mafuta yakaanza kuchemka. Walipoizima, Haidari alikwangua rangi chini ya kibati chenye jina la kampuni, akakuta chapa ya kiwanda kingine, cha nchi nyingine, na mwaka ambao wao wawili walikuwa hawajazaliwa.

"Si yetu, Afande. Ni mtumba uliopakwa rangi. Hatukuwahi kusuka hata koili moja. Haidari akasema lazima ishushwe. Mimi nikamfokea. Mama yangu alikata kipande cha kibanja, shamba letu la migomba, akauza akanunua hisa zile. Nilitaka yawe uongo." Akafuta uso kwa kiganja. "Alhamisi asubuhi nikamwambia haya, twende tukaishushe. Kabla hajapanda alimpigia Mkurugenzi wa kampuni. Nilimsikia kwa masikio yangu. Alisema, 'Mkurugenzi, napanda sasa hivi kuzifungua nyaya. Kesho hakuna onyesho.'"

Joviana aliikunja barua. Ijumaa, akiwa bado na nguo za mazishi, Mkurugenzi Rweyemamu alikuwa ameandikisha maelezo tofauti: kwamba Alhamisi kutwa alikuwa ofisini kwake Miembeni, mjini Bukoba, na kwamba Haidari alimpigia kumjulisha kazi inakwenda vizuri.

Mkuu wa upelelezi wa mkoa alimsikiliza Joviana bila kuinua macho kwenye faili lililokuwa mbele yake. "Barua ya shirika ni barua," alisema. "Lakini huyu ana fimbo na ana ugomvi. Kesho saa nne anapanda kizimbani. Ukiniletea mtu mwingine kabla ya hapo, sawa."

*

Alianzia Bilele, nyumbani kwa marehemu. Viti vya msiba vilikuwa bado uani, na sufuria kubwa zimefunikwa kando ya ukuta. Mzee Burhani, baba yake Haidari, alimpokea barazani akiwa na kanzu na koti. Alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, na ndiye mwenyekiti wa wanahisa. Nusu ya mtaa ule walinunua hisa kwa sababu mzee huyu aliwaambia wanunue, na yeye aliwaambia hivyo kwa sababu mhandisi wa kampuni alikuwa mtoto wake.

"Shikamoo, baba. Pole sana."

"Marahaba, mwanangu. Tumeshapoa. Kazi ya Mungu."

"Nina maswali machache, kisha nakuacha upumzike. Wiki ile, Haidari aliwahi kukwambia lolote kuhusu hii transfoma ya Kamachumu? Wasiwasi, tatizo—"

"Hakuniambia neno," mzee alijibu kabla swali halijakwisha.

"Jumatano jioni alilala hapa?"

"Alilala hapa. Alikula, akaswali, akalala." Alinyoosha pindo la kanzu gotini, akalinyoosha tena. "Huyo Najibu mliyemkamata, alikuwa akija hapa kula. Sijui moyo wake ulikuwaje."

"Huenda hakuwa yeye, baba."

Mzee Burhani alimtazama. Joviana alitarajia aulize, basi ni nani? Mzee hakuuliza hivyo. Aliuliza, "Mkutano wa wanahisa wa kesho, mtauzuia?"

"Hapana."

"Vema," alisema. "Watu wameshaalikwa."

Garini Riyadhi aliuliza kama mzee amesema lolote la maana. Joviana alimjibu kwamba amesema machache mno kwa mtu aliyefiwa na mtoto, na wakashika barabara ya Muleba.

*

Kamachumu mvua ilikuwa imetoka kunyesha, migomba inadondosha maji. Jukwaa la transfoma lilisimama kwenye uwazi nyuma ya ukumbi, limezungushiwa utepe wa polisi. Transfoma iling'aa kwa rangi ya kijani kibichi. Chini ya kibati, mahali pa upana wa viganja viwili, rangi ilikuwa imekwanguliwa, na herufi za kigeni zilionekana wazi. Joviana alizipiga picha.

Kisha akafanya ambalo hakuna aliyelifanya Alhamisi: akaifuata kebo. Ilishuka kwenye nguzo, ikapita hewani mpaka ukutani kwa ukumbi, ikaingia kwenye sanduku la swichi. Riyadhi alilifungua kwa bisibisi. Ndani ya sanduku hilo kulikuwa na kebo ya pili, nene, mpya, iliyofungwa pamoja na ile ya transfoma, ikatoka kwa chini na kuzama ardhini.

"Hii inakwenda wapi?" aliuliza Riyadhi.

Walitembea wakiangalia chini. Mtaro ulikuwa umefukiwa na kutandazwa nyasi juu, kama watu wanavyotandaza kibanjani, ila hapakuwa na mgomba hata mmoja karibu. Nyasi hizo ziliwaongoza hatua mia mbili hivi, mpaka nyuma ya kinu cha kukoboa kahawa. Mwisho wake kulikuwa na kibanda cha mabati, na ndani ya kibanda jenereta kubwa.

Mwenye kinu alikuwa mwanamke wa makamo, Immakulata, kilemba kimejaa vumbi la makapi ya kahawa. Alizima mashine ili wasikilizane.

"Ma Immakulata, hii jenereta ni yako?"

"Ni ya kinu, waitu," alijibu kwa heshima ya Kihaya. " Umeme ukikatika ndiyo tunakobolea."

"Alhamisi ulikoboa?"

"Alhamisi sikukoboa. Aliiazima Mkurugenzi wa transfoma. Vijana wake walikuja asubuhi wakachimba wakapitisha waya. Akasema ni ya akiba, wageni wa Ijumaa wasije wakakaa gizani."

Yaani taa za onyesho zingewashwa na jenereta ya kinu cha kahawa, na wanahisa wangepigia makofi transfoma. Joviana aliandika.

"Hao vijana waliikata ile kebo ya kwenda kwenye transfoma?"

"Mimi hayo siyajui."

"Sawa. Nani aliiwasha Alhamisi alasiri?"

Immakulata alianza kukunja gunia tupu. "Mimi," alisema.

"Kwa amri ya nani?"

"Alinipigia simu. Akasema, washa tujaribu. Nikamuuliza, hakuna mtu kule kwenye mtambo? Maana mchana niliwaona mafundi wawili wakipita. Akasema wameshuka wote, washa." Gunia likamponyoka. "Nikawasha. Haikupita hata dakika, jenereta ikagugumia kama imekabwa, na kule nikasikia mlio. Akapiga tena, akasema zima, usiseme kitu, ni mambo ya kampuni. Mawe, mama yangu! Nimekuwa nikijiambia ule mlio ulikuwa wa laini kubwa. Kila mtu alisema ni laini kubwa."

Alipotulia, Joviana alimuuliza, "Mkurugenzi alikupigia kutoka Bukoba?"

"Bukoba wapi? Gari lake lilikuwa pale." Alinyoosha mkono kuelekea uzio wa ghala la kahawa, kwenye kijimwinuko upande wa barabara. "Lile jeupe. Nikajiuliza kwa nini asije tu kuniambia kwa mdomo."

Alisimulia yote mara ya pili, Riyadhi akaandika polepole, akimsomea kila mstari. Immakulata akatia sahihi.

Kabla ya kuondoka Joviana alimtuma Riyadhi apande ngazi ya jukwaa, akamkataza kugusa chochote. Yeye akaenda kusimama penye uzio wa ghala, kwenye alama za matairi zilizokuwa zimejaa maji. Hapakuwa na mti wala paa lililoziba. Alimwona Riyadhi mzima, kuanzia viatu mpaka kofia. Alimwona akipiga chafya.

Orodha ya simu ilikuwa tayari kwenye faili lake tangu Jumamosi, ila kabla ya hapo zilikuwa namba tu. Saa kumi na dakika nne, Haidari kwa Rweyemamu. Saa kumi na dakika kumi na nne, Rweyemamu kwa namba ambayo sasa ilikuwa na jina, na dakika mbili baadaye, namba hiyo hiyo tena.

*

Jumanne saa tatu na nusu, ghorofa ya kwanza, Miembeni. Chini, ukumbi wa mkutano ulikuwa umeshaanza kujaa. Mkurugenzi Rweyemamu, mtu mnene wa sauti ya kupendeza, alimvutia Joviana kiti mwenyewe.

"Waitu, karibu. Leo nina dakika chache, watu wangu wananisubiri."

"Sitakuchelewesha. Nafunga ripoti, lakini mimi umeme siujui. Naogopa hakimu ataniuliza nishindwe kujibu."

Rweyemamu alicheka, na mabega yake yakalegea. Mezani kulikuwa na kipande cha chuma chenye koili mbili za shaba, kile alichokuwa akiwaonyesha watu akiuza hisa. Alikisogeza katikati.

"Tazama. Koili hizi hazigusani. Hii ina mizunguko mingi, hii michache. Umeme mkubwa ukiingia huku, unatoka mdogo kule. Siri yote ya biashara yetu iko hapo."

"Na ukiugeuza? Ukauingiza mdogo huku kwenye michache?"

"Unatoka mkubwa kule. Ndiyo uzuri wake, inafanya kazi pande zote mbili. Hilo hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza analijua."

"Kwa hiyo si jambo ambalo mtu mwenye uzoefu wa miaka ishirini kama wako anaweza kulisahau."

"Hawezi."

"Basi mtu akiwasha jenereta upande wa chini, na mwenzake ameshika upande wa juu..."

Rweyemamu alikuwa bado ameweka kidole kwenye shaba. Alikiondoa.

Joviana alipanga mezani karatasi moja moja: picha ya chapa iliyokwanguliwa, picha ya kebo ya pili, orodha ya simu, maelezo ya Immakulata yenye sahihi. Mkurugenzi alizisoma zote. Alisoma kama mtu aliyezoea mikataba, mpaka chini kabisa.

"Immakulata alisikia vibaya," alisema. "Nilimwambia asubiri."

"Kwa simu ya sekunde kumi na tisa? Na gari lako lilifuata nini Kamachumu siku uliyokuwa ofisini?"

Kutoka chini walisikia viti vikiburutwa na mtu akijaribu kipaza sauti.

"Unajua kule chini kuna watu wangapi?" alisema Rweyemamu kwa sauti ya chini. "Kiwanda kilikuwa kije, nakuapia. Mashine za kusukia zilichelewa. Nilihitaji onyesho moja, mwaka mmoja. Haidari angetuangusha wote kwa siku moja. Nilimsihi asipande, akakata simu."

"Ukamwona bado yuko juu."

Rweyemamu alikisukuma pembeni kile kipande cha chuma.

"Mkurugenzi. Ulimwona?"

"Alikuwa amenipa mgongo," alisema Rweyemamu.

Joviana aliangalia saa. Ilikuwa imebaki robo saa kufika saa nne. Alimwita Riyadhi mlangoni. "Piga simu mahakamani. Waambie Najibu asipandishwe. Kisha lete pingu."

*

Hapakuwa na njia nyingine ya kutokea ila ngazi zile zilizopita mlangoni kwa ukumbi. Walipomwona Mkurugenzi na pingu, watu walisimama. Kelele zikapanda.

"Mnampeleka wapi?"

"Mumwache aseme!"

"Mkimfunga huyu kampuni inakufa! Kahawa yangu ya misimu miwili imo humo!" Aliyesema hivyo alikuwa mama mmoja mkulima, na hakumkasirikia Rweyemamu. Alimkasirikia Joviana. Wengine walijisogeza wakaziba mlango. Riyadhi alimnong'oneza kwamba wangoje askari zaidi.

Ndipo Mzee Burhani aliponyanyuka kwenye meza ya mbele. Hakwenda kwenye kipaza sauti. Alitembea katikati ya viti, akaja mpaka mlangoni, na watu wakampisha kwa sababu ya msiba wake. Alisimama uso kwa uso na Rweyemamu.

"Ni wewe?" aliuliza.

Rweyemamu aligeuza uso.

Mzee akawageukia watu wake. "Mwacheni Afande apite," alisema. "Transfoma ya Kamachumu si yetu. Ni kuukuu, imepakwa rangi. Hakuna kiwanda."

"Nani amekwambia, Mwalimu?" sauti ilitoka nyuma.

"Haidari. Jumatano baada ya isha, barazani kwangu. Alitaka alfajiri nizunguke nyumba kwa nyumba niwaambie kwamba nimewapotosha." Alishika mgongo wa kiti. "Nikamwambia sitakwenda. Nikamwambia, hiki kitu umekigundua wewe, basi kirekebishe wewe, na jina langu usilitaje. Akasema, sawa baba, nitakwenda kuishusha mwenyewe."

Yule mama wa kahawa aliketi, si kwenye kiti, chini sakafuni, miguu mbele. Njia ilifunguka yenyewe. Riyadhi akamtoa Rweyemamu nje na kumwingiza kwenye gari.

Joviana alipofika mlangoni alimkuta Mzee Burhani amemfuata. Alikuwa ameshavua koti, amelikunja vizuri mkononi, kama mtu anayejiandaa kukaguliwa.

"Na mimi napanda gari lipi?" aliuliza.

Joviana alipitisha vifungu vya sheria kichwani, kimoja baada ya kingine.

"Hakuna gari lako, baba," alisema. "Nenda nyumbani."

Mzee aliitikia kwa kichwa, kwa adabu, lakini hakuondoka. Gari la polisi lilipokata kona kuelekea kituoni, bado alikuwa amesimama pale pale.